Wenyeji Wawili, Laini Moja

Caren alikuwa amefika mahali patamu pa mazungumzo laini ilipokatika. Mteja wake, mzee mmoja wa Uholanzi aliyetaka chumba kinachoutazama mlima kule Amboseli, alikuwa amekubali bei, amekubali tarehe, na sasa alikuwa akiuliza kama mkewe angepata mkate usio na ngano. Caren akafungua kinywa amjibu. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini, kikazunguka, kikazunguka, na yule mzee akapotea na mkewe na mkate wao.

Alivua hedifoni akaiweka mezani polepole, kama mtu anayelaza yai. Alijua kinachofuata, na hakikuchelewa. Simu yake ilitetemeka. Ujumbe ulitoka Sanjari Net, kampuni iliyowauzia mtandao wa nyumbani, nao ulimwarifu kwa Kiingereza chenye adabu nyingi kwamba nyumba yake ilikuwa imevuka kiwango cha matumizi ya haki, kwamba kila kilichotumika juu ya kiwango hicho kilikuwa kimetozwa ada ya ziada, na kwamba laini ingefunguliwa ada hiyo ikilipwa. Mwishoni alitakiwa siku njema.

Huu ulikuwa mwezi wa tatu mfululizo kutakiwa siku njema.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watalii wanaotafuta vyumba, na aliifanya akiwa chumbani kwake Kitengela, blanketi zito limetundikwa mlangoni kuzuia kelele. Kabla ya hapo alikuwa mpokea wageni wa hoteli moja Nairobi, akiondoka nyumbani nyota zingali juu na kurudi zimesharudi. Hoteli ilipofungwa alikaa mwaka mzima bila kazi, akahesabu vigae vya sakafu. Kazi hii mpya ilimrudishia sauti yake. Lakini ilikuwa bado ya majaribio, na msimamizi wake, Nduta, alikuwa amemweleza bila kuficha: Ijumaa hii wakubwa wangemsikiliza kutwa nzima. Laini ikisimama bila kukatika, angeandikwa kazi ya kudumu. Ikianguka tena, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine anayekisubiri.

"Mimi nakupenda, Caren," Nduta alisema, "lakini mteja hapendi kimya."

Na leo ilikuwa Jumanne.

Alimkumbuka yule kijana aliyewauzia huo mtandao. Alikuja wakati wa mvua, udongo mweusi wa Kitengela umemganda viatuni hadi akarefuka, mkononi bango lililoandikwa BILA KIKOMO kwa herufi nene. Caren alimuuliza mara mbili kama maneno hayo yalimaanisha yalivyosema. "Madam, tumia mpaka uchoke wewe," kijana akajibu. "Sisi hatuchoki." Caren, ambaye tangu shuleni aliamini kwamba neno ni ahadi, akatia sahihi.

Akapiga simu huduma kwa wateja. Akangojeshwa na muziki, akaambiwa simu yake ni ya thamani sana, akangojeshwa tena na muziki uleule. Hatimaye akaja msichana mwenye sauti laini kama siagi.

"Pole sana kwa usumbufu, madam. Naelewa vile unajisikia."

"Hapana, huelewi," Caren akasema. "Hayo ni maneno ya kusomewa. Hata mimi niko nayo hapa kwa meza yangu. Ruka mpaka pale panasema utanisaidia aje."

Kisha msichana akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa ya mwajiri wake, akasema taratibu kwamba pale pa kusaidia pia pameandikwa tu alipe. Angefungua malalamiko yake rasmi, yashughulikiwe kwa siku za kazi zijazo. Siku ngapi, hakujua. Caren alimshukuru, maana alikuwa msema kweli wa kwanza kukutana naye katika kampuni hiyo.

Alilipa. Laini ikarudi. Lakini hasira ikabaki, na hasira ikikosa mwenyewe hutafuta jirani. Caren alijiambia kwamba nyumba ya watu watatu haiwezi kumaliza mtandao kiasi hicho. Wasike, mumewe, alishinda kiwandani Athi River na akirudi aliangalia mpira nusu saa tu kabla ya kulala na mdomo wazi. Mama mkwe wake, Nanjala, aliyekuja kutoka Kimilili baada ya Pasaka kutibiwa magoti na akakaa, hakuwa mtu wa filamu. Kwa hiyo kulikuwa na mwizi. Akabadilisha neno la siri, akaliingiza kwenye simu za nyumbani tu, kisha akatoka kuanika nguo na kusema kwa sauti, akiielekea kamba lakini akiwasemea wapangaji wote, kwamba kuna watu wananyonya kwa mrija wa wenzao.

Mbeke, jirani wa mlango wa pili, Mkamba mwenye ulimi usiolazwa chini, aliegemea ukuta wa roshani.

"Caren, simu yangu mimi ni mulika mwizi, ya tochi tu," akasema. "Hiyo mtandao yako nitakunywa na nini, kijiko? Ama niimulike, tuone inaangukia nyumba ya nani?"

Roshani zote zilicheka. Caren alianika shati la Wasike juu chini na kurudi ndani.

Mwizi alimpata Jumatano asubuhi, bila kumtafuta. Simu za wateja zilikuwa zimetulia, akavua hedifoni na kutoka kwenda kunywa maji. Kwa kawaida hakutoka saa hiyo. Nanjala aliiheshimu kazi yake kama ibada. Blanketi likishushwa, husema Caren ameenda ofisini, na hata wageni huwaambia hivyo. Sebuleni hapakuwa na mtu. Nanjala alikuwa kibarazani, mgongo kwake, akichambua kunde. Juu ya meza, simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, imewaka. Ndani ya simu kulikuwa na jiko la mtu: moto mdogo, sufuria iliyofunikwa, kiti kitupu, kuku akipita kwa maringo ya mwenye nyumba.

Caren akainama kutazama vizuri.

"Caren, umenenepa," simu ikasema. "Karibu."

Alikuwa Namalwa, dada mkubwa wa Nanjala, amelala kitandani pembeni ambako jicho la simu halikufika. Caren akamwamkia, akamuuliza hali ya miguu, kisha akauliza kwa uangalifu walikuwa wakiongea tangu saa ngapi.

"Kuongea?" Namalwa akashangaa. "Hatuongei, mwanangu. Tumekaa tu."

Walikuwa wamekaa tu. Tangu Nanjala alipoamka na kumwamkia dada yake, hadi giza lilipoingia na betri kuisha, wajane wawili walikaa pamoja, mmoja Kitengela akichambua mboga, mwingine Kimilili akiwa kitandani na miguu iliyokataa kazi. Wakati mwingine mmoja alikohoa na mwingine akasema pole. Wakati mwingine walilala usingizi wa mchana, kila mmoja akilindwa na mwenzake. Kule kijijini mtoto wa Namalwa, mwalimu, alikuwa amemwekea mama yake mtandao wa kampuni ndogo isiyomhesabia mtu pumzi zake. Huku Kitengela kulikuwa na Sanjari Net.

Caren alikunywa maji yake akiwa amesimama. Alitaka kukasirika na hakupata pa kushikia.

Jioni alimngoja Wasike jikoni na kumweleza yote kwa kunong'ona. Ama huo mkutano wa kutwa upungue, ama Ijumaa ampoteze mke mwenye kazi. Amwambie mama yake.

"Mimi?" Wasike akasema. "Nimwambie mama asikae na dada yake?"

"Basi nimwambie mimi?"

Hilo nalo halikuwezekana, na wote wawili walilijua. Mkaza mwana hamwambii mama mkwe kwamba mgeni wake amekaa sana. Wasike akavuta pumzi, akakaza mkanda na kuingia sebuleni na mabega ya mtu anayekwenda kubeba jiwe la machimbo. Caren akasikiliza. Alisikia salamu, alisikia kicheko, alisikia habari ndefu ya ng'ombe aliyezaa. Wasike aliporudi alikuwa na ndizi mkononi, nusu ameshaila.

"Nimemwahidi Mama Mkubwa blanketi," akasema. "Kule kuna baridi."

Caren akamtazama mpaka akaona haya, kisha wakacheka wote, wakiziba midomo. Lakini kicheko hakikufika mbali. Kabla Wasike hajamaliza ndizi, ujumbe mwingine uliingia, wenye adabu kama wa kwanza. Ada ya ziada ilikuwa imejilimbikiza upya, laini ilikuwa imefungwa, na pesa ya kulipa mara ya pili haikuwepo.

Alhamisi Caren aliomba ruhusa kwa Nduta, akapewa kwa sauti isiyo na joto. Kulipokucha vizuri alikuwa ameshafika ofisi ya Sanjari Net mjini Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, akapanga foleni na watu wenye nyuso kama uso wake. Kijana wa dirishani, Musila, alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo peke yake lilimshangaza Caren. Kisha akamweleza kwamba yeye hana uwezo wa kufuta ada wala kufungua laini. Mwenye uwezo ni meneja wa eneo, naye yuko Kajiado.

"Enda leo," Musila akasema, akishusha sauti. "Kesho hayuko. Na usiongee na mtu wa mlangoni, yule atakurudisha kwangu."

Caren alirudi nyumbani kuchukua kitambulisho, akamkuta Nanjala amevaa viatu vya kanisani na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi. Alikuwa amesikia kampuni imefunga laini, akasema. Mtu haendi kudai haki yake peke yake kama anayekwenda kuiba; huenda na mtu mzima nyuma yake. Caren akajaribu kusema safari ni ndefu kwa magoti hayo. Nanjala akajibu kwamba magoti hayo yalikuja Kitengela kutembea. Njia nzima Caren alikaa akifikiria jambo moja: kwamba anakwenda kumdai mtu maelezo ambayo yeye mwenyewe anayajua, na aliyeyabeba ameketi kando yake akitafuna njugu.

Kajiado kulikuwa na upepo mkavu na vumbi jekundu. Ofisi ya eneo ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo jipya, na ukutani, mkabala na mlango, bango lilelile: BILA KIKOMO. Caren alimpita mtu wa mlangoni kama asiyemwona. Meneja, Parsaoti, alikuwa mrefu, shati la kampuni limemkaa vizuri, mkononi bangili ya shanga. Alikuwa na uso wa mtu anayejiandaa kusema pole. Lakini alipomwona Nanjala akivuka kizingiti kwa taabu, alisimama.

"Takwenya, yeyo," akamwamkia kwa Kimaasai kama mama yake, akiinamisha kichwa.

"Jibu *iko*, Mama," Caren akanong'ona. Alikuwa amekaa Kitengela vya kutosha kujua hilo.

"Iko," Nanjala akasema kwa fahari, kama aliyezaliwa nayo.

Wakapewa viti. Caren akaanza. Alieleza kuhusu kijana na bango, miezi mitatu, simu, muziki wa kungojeshwa, na kazi yake inayokufa kesho. Alieleza kwa utaratibu, kwa sababu alijua kwamba mtu wa dirishani hufundishwa kutomsikia mteja anayepiga kelele. Parsaoti alisikiliza, akabonyeza kompyuta, akatazama, akakuna shavu.

"Mama, siwezi kusema ni makosa ya mtambo," akasema. "Nyinyi mmetumia. Iko hapa. Simu ya video, asubuhi mpaka usiku. Kila siku, hata Jumapili."

Akageuza skrini waone. Caren hakuitazama. Alikuwa amejiandaa kudanganya, kusema ni kazi yake, ni mikutano ya kazini, ni yeye. Alifungua kinywa.

"Simu ya nani?" Nanjala akauliza.

Nanjala alimtazama meneja, akamtazama mkaza mwanawe, na polepole, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili, akaelewa.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi na Namalwa."

"Mama, hakuna aliyekukataza," Caren akasema haraka.

"Ndiyo sababu nasema mimi." Akaweka mkoba wake juu ya magoti, akaushika kwa mikono miwili. Sauti yake haikupanda. "Nimekunywa, mwanangu Parsaoti, sikatai. Mtu akikunywa anasema amekunywa. Lakini aliyeniambia kisima hakina mwisho ni nani? Kwetu mtu akikukaribisha, akwambie kula, shiba, hii ni nyumba yako, halafu ukinawa mkono akuletee bei ya ugali, huyo tunamwita nani? Nyinyi Wamaasai mnamwitaje?"

Kwenye kaunta ya nje, ambako watu wawili watatu walikuwa wamengoja na shida zao, mazungumzo yalikuwa yamekoma. Mwanamume mmoja mwenye kofia akasema, bila kumwelekea yeyote, kwamba mama aulize tena, maana yeye hajasikia jibu.

Hapo Caren alipata pa kushikia.

"Bwana Parsaoti, niko na swali moja tu," akasema. "Siku tunapita kiwango, ujumbe unafika hapo hapo. Kwa hivyo mnaona. Kama mnaweza kuona tumepita, mnaweza kuona tumekaribia. Kwa nini hamsemi tukiwa tumekaribia?"

Meneja alijua jibu, na jibu halikuwa zuri kutamkwa mbele ya mama wa mtu. Akasema yeye hakukitunga hicho kifurushi wala jina lake. Kilitungwa juu, na juu ni mbali. Hawezi kukiondoa kiwango. Lakini ada hii ya ziada ataifuta kwa jina lake mwenyewe, na akiulizwa ataeleza. Laini ataifungua sasa hivi, aongezee kidogo cha kuwafikisha mwisho wa mwezi. Na kuhusu kuonywa mapema, ataandika leo, na ataandika kwamba wateja wameuliza swali ambalo alishindwa kulijibu.

"Lakini hicho kidogo ni kidogo kweli," akaongeza, akimtazama Caren. "Mkishinda nacho kutwa kama ilivyokuwa, kesho saa sita kimeisha. Na mkono wangu hautafika tena."

Caren akashukuru. Alijua amepata, na alijua alichopata kinaweza kumwagika kabla hajakitumia. Hakuthubutu kumtazama Nanjala.

Nanjala alikuwa amenyanyuka. Akatengeneza kitambaa chake, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, tumekuja, umetupokea, tumesikizana," akasema. "Sasa tunakuomba njia."

Ilikuwa kauli ya watu wazima, inayosemwa mgeni anapotaka kuondoka, na Parsaoti aliijua ingawa hakuwahi kuisikia kwa Kiswahili cha Kimilili. Akasema wangekaa kidogo zaidi. Nanjala akasema moyo unapenda ila jua halingoji. Basi akawasindikiza, si hadi mlangoni tu bali hadi barabarani, akitembea mwendo wa magoti ya Nanjala, akiuliza habari za mvua za huko. Mtu wa mlangoni aliwafuata kwa macho.

Walifika kituoni wakangoja gari. Kitu kilikuwa kinamkuna Caren akilini. Miezi yote hiyo, jioni baada ya jioni, hakuwahi kumsikia Nanjala akimwomba Namalwa njia. Simu ilikufa betri ikifa. Akakusanya ujasiri wake wote na kuuliza, akilizungusha swali kwa heshima mpaka likawa karibu kupotea: mbona Mama aliagana na meneja vizuri vile, lakini na Mama Mkubwa haagani?

Nanjala akamtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini maji yanateremka.

"Kwa sababu kwa Parsaoti mimi ndiye mgeni. Namalwa ndiye anakuja kwangu. Si unamwona pale mezani? Anaingia asubuhi, anakaa. Mwenyeji anaweza kumwambia mgeni aende? Namngoja yeye aombe njia. Haombi. Kusema kweli kuna siku nachoka. Lakini nitamfukuza dada yangu?"

Caren akashika kichwa. Akatoa simu yake mwenyewe, akampigia Namalwa, akamwamkia, na kumuuliza swali moja: Nanjala na yeye wakikaa hivyo kutwa, mgeni ni nani?

"Ni Nanjala," Namalwa akajibu mara moja. "Si yeye anakuja hapa jikoni kwangu kila siku? Nimeweka kiti. Namngoja aombe njia, wapi. Nikajua Kitengela imemfundisha tabia."

Nanjala alinyakua simu.

"Mimi nimekuja kwako? Wewe ndiye uko kwa meza yangu!"

"Meza gani? Wewe uko juu ya kabati yangu tangu Pasaka, Nanjala. Nakupanguza vumbi."

Waliokuwa kituoni waligeuka kusikiliza. Dada wawili waligombana kwa Kibukusu na Kiswahili, kila mmoja akiutetea uenyeji wake kama shamba la baba yao, kila mmoja akihesabu hisani alizomfanyia mwenzake kwa kutomfukuza. Kisha Namalwa akaanza kucheka. Kicheko kikamshika Nanjala, kikamwinamisha, mpaka Caren akamshika kiwiko asianguke. Walikuwa wamekaribishana mwezi baada ya mwezi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekuja.

Kilichobaki kilikuwa kuamua nani aanze kuwa mgeni, na hapo ugomvi ukarudi, maana hakuna aliyetaka. Namalwa akatumia ukubwa wake wa kuzaliwa. Kesho Nanjala ndiye angekuja kwake, asubuhi, akaribishwe, anywe chai, halafu aombe njia kama mtu aliyelelewa. Kesho kutwa yeye naye angekwenda Kitengela. Caren, ambaye hakuwa ametoa amri yoyote wala kuvunja adabu yoyote, alikata simu taratibu.

Walipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, aligonga mlango wa pili. Alimwambia Mbeke kwamba mwizi amepatikana na alikuwa ndani kwake. Mbeke akamwacha asimame hapo kidogo, kwa starehe yake, ndipo akamwambia aingie akanywe uji.

Ijumaa Caren alishusha blanketi la mlangoni na kuvaa hedifoni. Sauti ya Nduta ikamwambia wakubwa wako kwenye laini, asiwafikirie. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Mombasa na watoto wengi. Ya pili ya Wajerumani waliotaka kuona tembo bila kuamka mapema. Katikati ya Wajerumani, kupitia blanketi, alimsikia Nanjala akibisha hodi. Alikuwa akibisha hodi sebuleni kwake mwenyewe, mbele ya simu.

Alipopata mwanya aliinua pembe ya blanketi. Nanjala alikuwa amekaa ncha ya kiti, kama wanavyokaa wageni, amevaa viatu ndani ya nyumba, kitambaa kichwani, mkoba magotini. Kikombe cha chai kilikuwa mbele yake na hakukigusa mpaka alipoambiwa karibu. Safari hii walikuwa wakiongea kweli. Waliongea kuhusu meneja wa Kajiado, kuhusu mtoto wa mwalimu, kuhusu mtu fulani wa Chwele aliyeoa tena. Walisema katika muda mfupi mambo ambayo miezi ya kukaa haikuwa imeyatoa.

Kisha Nanjala akasimama na kuomba njia.

Caren alikuwa amesharudi kwenye kiti, simu nyingine inaingia, lakini alisikia. Alisikia Namalwa akisema akae kidogo, na Nanjala akisema jua halingoji. Akasikia kitu kingine kutoka Kimilili: kitanda kikilia, fimbo ikigonga sakafu, pumzi nzito za mtu mzima anayejivuta.

"Unaenda wapi na hiyo miguu?" Nanjala akauliza, sauti imebadilika.

"Nyamaza," Namalwa akasema. "Mgeni husindikizwa. Nakufikisha mlangoni."

Fimbo iligonga, ikapumzika, ikagonga. Ilichukua muda. Caren alimkaribisha mteja wake, akamuuliza amsaidie nini. Kule sebuleni mlango wa mbali ukafunguka, jogoo wa Kimilili akasikika wazi kabisa, na dada wawili wakaagana kwenye kizingiti. Kisha simu ikakatwa, na nyumba ikatulia.

Laini ilisimama kutwa bila kukatika. Ilisimama kwa Wafaransa, ikasimama kwa mzee aliyesahau alichopigia, ikasimama hadi jua lilipoelekea Ngong. Ujumbe wa Nduta ulipoingia, Caren aliusoma akiwa amefumba jicho moja. Ulikuwa mfupi. Ulimwambia Jumatatu aripoti kama mfanyakazi, si kama mtu wa majaribio, na kwamba wakubwa wamependa asivyokuwa na haraka.

Alitoka chumbani kuwapa habari. Wasike alikuwa bado njiani. Nanjala alimsikiliza, akamshukuru Mungu kwa kirefu, akamkumbatia kwa nguvu kuliko magoti yake yalivyoruhusu. Kisha akauliza ufagio uko wapi, na kama kuna sukari, na kama kile kitambaa cheupe cha meza kimefuliwa.

"Cha nini, Mama?"

"Kesho Namalwa anakuja," Nanjala akasema, akianza kusogeza viti. "Atakuta nyumba hivi?"